Jackie Robinson

Jack Roosevelt Robinson, anayejulikana zaidi kama Jackie Robinson (31 Januari 1919 – 24 Oktoba 1972), alikuwa mchezaji wa besiboli, mfanyabiashara na mtetezi wa haki za raia nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kama Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za besiboli za nchi hiyo katika karne ya 20. Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field mjini New York, alipoichezea timu ya Brooklyn Dodgers.

Katika Afrika Mashariki jina lake linahusika pia na safari za ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani kuanzia mwaka 1959, na mwanawe David alihamia Tanzania na kuwa mkulima wa kahawa wilayani Mbozi.

Besiboli na ubaguzi wa rangi

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji hutupa mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo la mti. Akifaulu hukimbia kupitia vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na akirudi pale alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Mchezo una vipindi tisa, hauna saa ya kuumaliza, na kwa kawaida huchukua saa mbili au tatu. Kwa sababu hiyo siku ya kwenda uwanjani ilikuwa kwa Wamarekani wengi kama sikukuu ndogo: watu walikwenda na familia, walikula soseji ndani ya mkate, walinunua karatasi ya kuandikia matokeo na kuzomea waamuzi.

Sikukuu hiyo haikuwa ya wote kwa usawa. Katika miaka ya 1880 Wamarekani weusi wachache walikuwa wamecheza pamoja na wazungu. Mmojawao, Moses Fleetwood Walker, alicheza katika ligi kuu mwaka 1884. Baadaye wenye timu walielewana kutowaajiri tena. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kwa zaidi ya miaka 60 hakuna mtu mweusi aliyeandikishwa. Wachezaji weusi waliunda timu na ligi zao wenyewe, zilizojulikana kama Ligi za Weusi. Ubaguzi ulikuwepo hata kwenye viti: huko St. Louis watazamaji weusi walitengewa sehemu yao ya uwanja hadi mwaka 1944, na katika majimbo ya kusini hali hiyo iliendelea muda mrefu zaidi.

Maisha ya awali

Robinson alizaliwa karibu na mji wa Cairo, katika jimbo la Georgia, akiwa kitinda mimba wa watoto watano wa Jerry na Mallie Robinson. Wazazi wake walilima shamba la mzungu kwa kugawana naye mavuno. Jina lake la kati alipewa kwa heshima ya rais wa zamani Theodore Roosevelt, aliyefariki siku 25 kabla ya mtoto kuzaliwa.

Mwaka 1920 baba aliiacha familia. Mallie alipanda treni pamoja na watoto wake hadi Pasadena, California, akafanya kazi za nyumbani kwa watu ili kuwalea. Walipata nyumba katika mtaa wa wazungu, ambako baadhi ya majirani walijaribu kuwafukuza bila kufaulu.

Kaka yake Mack alikuwa mkimbiaji. Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi Pasadena hakupata kazi nzuri zaidi ya kufagia barabara. Mdogo wake aliliona jambo hilo kwa macho yake na hakulisahau.

Jackie alisoma shule ya sekondari ya John Muir, kisha chuo cha Pasadena, na hatimaye Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hapo akawa mwanamichezo wa kwanza wa chuo hicho kupata tuzo ya uwakilishi katika michezo minne: mpira wa miguu wa Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu katika kuruka mbali. Kati ya michezo hiyo minne, besiboli ndiyo aliyoicheza vibaya zaidi chuoni. Huko pia alikutana na Rachel Isum, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kuwa mke wake.

Jeshini

Mwaka 1942 Robinson aliitwa jeshini na kupelekwa Fort Riley, Kansas. Yeye na wenzake weusi waliomba mafunzo ya uofisa, lakini maombi yao yalikaa bila majibu hadi bondia Joe Louis, aliyekuwa kambini hapo, alipoingilia kati. Mnamo Januari 1943 Robinson alipata cheo cha luteni wa pili.

Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Fort Hood, Texas, dereva wa basi la jeshi alimwamuru akae nyuma. Robinson alikataa, kwa kuwa jeshi lilikuwa limekwisha kupiga marufuku ubaguzi katika mabasi yake. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa utovu wa nidhamu, na mnamo Agosti maofisa tisa waliosikiliza kesi walimwona hana hatia. Wakati huo kikosi chake cha vifaru kilikuwa kimeshaondoka kwenda vitani Ulaya bila yeye. Aliachishwa jeshi kwa heshima mnamo Novemba 1944.

Kukutana na Branch Rickey

Mwaka 1945 Robinson alichezea Kansas City Monarchs katika Ligi za Weusi. Timu hizo zilisafiri kwa basi usiku na mchana, na mara nyingi wachezaji walinyimwa chakula, choo au malazi njiani. Robinson hakuipenda hali hiyo.

Tarehe 28 Agosti 1945 aliitwa Brooklyn na Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Dodgers. Rickey alitaka kuuvunja ubaguzi katika besiboli. Imani yake ya Kikristo ilikuwa sababu mojawapo, na nyingine ni kwamba alijua Ligi za Weusi zina wachezaji bora na watazamaji wengi wenye kulipa kiingilio. Katika mazungumzo ya saa kadhaa alimwigizia Robinson matusi yote ambayo angeyakuta: ya wachezaji, ya mashabiki, ya wahudumu wa hoteli. Alitaka mtu ambaye angevumilia bila kujibu, kwa kuwa ugomvi mmoja ungetosha kuwapa wapinzani kisingizio cha kuwafungia weusi mlango tena. Robinson, ambaye tangu utoto hakuwa mtu wa kukubali kuonewa, alikubali sharti hilo kwa miaka ya mwanzo.

Mwaka mmoja Montreal

Robinson alipelekwa kwanza katika timu ya Montreal Royals nchini Kanada, iliyokuwa chini ya Dodgers. Tarehe 10 Februari 1946 alimwoa Rachel, na wiki chache baadaye wakaenda Florida kwa mazoezi. Mji wa Daytona Beach ulikubali acheze. Huko Jacksonville lango la uwanja lilifungwa kwa kufuli siku ya mechi. Huko DeLand mechi ilifutwa kwa maelezo kwamba taa za uwanja zilikuwa mbovu, ingawa ilipangwa kuchezwa mchana.

Mechi yake ya kwanza ya ligi ilifanyika Jersey City tarehe 18 Aprili 1946. Montreal ilishinda 14–1, na Robinson alifaulu kupiga mara nne katika zamu tano, mojawapo ikiwa mpira uliovuka uzio. Alimaliza msimu akiongoza ligi kwa wastani wa upigaji wa .349.

Katika fainali dhidi ya timu ya Louisville, mji wa kusini, mashabiki wa huko walimzomea kila aliposhika mpira. Timu ziliporudi Montreal, watazamaji wa mji huo walilipiza kwa kuwazomea wachezaji wa Louisville tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho. Montreal ilipotwaa ubingwa, umati ulimbeba Robinson mabegani, kisha ukamkimbiza mitaani kwa furaha. Waandishi waliokuwepo waliona ajabu kwamba katika Amerika Kaskazini ya wakati ule mtu mweusi alikuwa anakimbizwa na wazungu waliompenda.

Tarehe 15 Aprili 1947

Robinson alijiunga na Dodgers mnamo Aprili 1947, akiwa na umri wa miaka 28. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wameandaa barua ya kupinga kucheza pamoja naye, lakini kocha Leo Durocher na Rickey waliizima.

Uwanja wa Ebbets Field ulikuwa mdogo, ukichukua watu wapatao 32,000, na mashabiki walikaa karibu sana na wachezaji. Ulijulikana kwa makelele yake ya kuchekesha. Mwanamke aliyeitwa Hilda Chester alikuja na kengele ya ng'ombe kuwashangilia Dodgers. Bendi ya mashabiki ilizunguka viti ikipiga ala bila kujali kupatia noti, na Gladys Goodding alipiga kinanda. Ukutani kulikuwa na tangazo la Abe Stark, muuza nguo, lililoahidi suti kwa mchezaji ambaye angelipiga kwa mpira.

Siku ya ufunguzi walikuja watu zaidi ya 25,000, na inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa weusi. Rachel alikuwepo na mtoto wao wa kwanza, Jackie mdogo, mwenye umri wa miezi mitano. Dodgers walicheza na Boston Braves. Robinson alisimama kwenye kituo cha kwanza, nafasi ambayo hakuwa ameizoea. Zamu tatu za kwanza hakupata kitu. Katika kipindi cha saba aliusukuma mpira polepole kwa gongo, wapinzani wakakosea walipourusha, naye akafika salama. Kisha Pete Reiser alipiga mpira mrefu na Robinson akakimbia hadi nyumbani. Pointi hiyo iliwapa Dodgers uongozi, wakashinda 5–3.

Msimu wa matusi

Wiki moja baadaye timu ya Philadelphia Phillies ilikuja Brooklyn. Kocha wake, Ben Chapman, na baadhi ya wachezaji wake walimtukana Robinson kwa sauti kutoka kwenye benchi lao, wakitaja rangi yake na ya wazazi wake. Robinson alikiri baadaye kwamba siku hiyo alikaribia kuliacha sharti la Rickey na kwenda kupigana. Hakufanya hivyo. Mwenzake Eddie Stanky, aliyekuwa mmoja wa waliokuwa na shaka naye mwanzoni, ndiye aliyewageukia Phillies na kuwafokea. Tangu hapo timu ilianza kuwa kitu kimoja. Watu wengi walilalamika, na Dodgers walipokwenda Philadelphia mwezi Mei Chapman alilazimika kupiga picha pamoja na Robinson, wote wawili wakiwa wameshika gongo moja.

Katika mwezi huohuo ilijulikana kwamba baadhi ya wachezaji wa St. Louis Cardinals walikuwa wakipanga mgomo. Mkuu wa Ligi ya Taifa, Ford Frick, alitangaza kwamba watakaogoma watafungiwa. Mgomo haukufanyika. Robinson alipokea barua za kutishia kumwua na kumteka mtoto wake. Warushaji walimlenga kwa mpira, na wakimbiaji wengine walimkanyaga kwa viatu vyenye meno ya chuma. Katika miji kadhaa hoteli ya timu ilimkataa, akalala kwa wenyeji weusi.

Kuna masimulizi maarufu kwamba nahodha Pee Wee Reese, mzaliwa wa Kentucky, alimwendea Robinson wakati mashabiki wakizomea na kumwekea mkono begani. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu mwaka na mji wa tukio hilo. Sanamu ya wawili hao ilizinduliwa Brooklyn mwaka 2005.

Robinson alimaliza msimu akiwa na wastani wa .297, ameiba vituo mara 29, na akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Dodgers walitwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa.

Watazamaji

Mwaka 1947 watu zaidi ya 1,800,000 walilipa kiingilio Ebbets Field, idadi ambayo Brooklyn haikuwahi kuifikia kabla. Ugenini hali ilikuwa vilevile. Tarehe 18 Mei, alipocheza kwa mara ya kwanza Wrigley Field mjini Chicago, walikuja watu zaidi ya 46,000. Weusi wa mji huo walivaa nguo za kanisani, wanaume kwa suti na tai, wanawake kwa kofia na glavu. Familia nyingine zilisafiri mamia ya kilomita kwa treni ili kumwona mara moja.

Lakini hata furaha yao ilikuwa na masharti. Kabla ya msimu kuanza, Rickey alikutana na viongozi wa jumuiya ya weusi wa Brooklyn na kuwaomba wasiandae gwaride wala karamu, na wawazuie watu kulewa au kupigana uwanjani. Viongozi hao walikubali. Magazeti ya weusi na wahubiri makanisani walirudia onyo hilo mwaka mzima: fujo yoyote ya shabiki mweusi ingehesabiwa juu ya Robinson. Hivyo watu walioungojea mchezo huo maisha yao yote walikaa kwenye viti wakijichunga.

Mwandishi Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier, aliyesafiri na Robinson na kumpendekeza kwa Rickey, alikuwa katika hali kama hiyo. Katika viwanja vingi hakuruhusiwa kuingia chumba cha waandishi kwa sababu ya rangi yake, akaandika habari zake akiwa amekaa miongoni mwa watazamaji.

Mnamo Aprili 1949 Dodgers walikwenda Atlanta, katika jimbo alilozaliwa Robinson, kucheza mechi tatu za kirafiki na timu ya wazungu ya mji huo. Kiongozi wa Ku Klux Klan alijaribu kuzizuia kwa vitisho. Mechi zilichezwa. Katika ile ya tatu walikuja watu zaidi ya 25,000, wengi wao weusi. Viti walivyotengewa havikutosha, na maelfu walisimama nyuma ya kamba pembeni mwa uwanja. Hakuna aliyedhurika.

Miaka ya mafanikio

Kufikia mwaka 1949 Robinson alikuwa ameachiliwa na sharti la ukimya, akaanza kubishana na waamuzi na kujibu wapinzani kama wachezaji wengine. Baadhi ya waandishi waliomsifu kwa upole wake sasa walimwita mkorofi. Mwaka huo aliongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa .342 na kwa kuiba vituo mara 37, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Sifa yake kubwa ilikuwa kukimbia. Akiwa kituoni alitoka, akarudi, akatoka tena, hadi mrushaji akapoteza utulivu. Mashabiki walisimama mara tu alipofika kituo cha kwanza. Tarehe 28 Septemba 1955, akiwa na umri wa miaka 36, aliiba kituo cha nyumbani dhidi ya New York Yankees katika mechi ya kwanza ya fainali ya taifa. Dodgers walishinda fainali hiyo, ubingwa wao wa pekee wakiwa Brooklyn, ingawa Robinson hakucheza mechi ya saba iliyoamua.

Kwa jumla alicheza misimu kumi na Dodgers, akafika fainali ya taifa mara sita na kupiga mpira nje ya uzio mara 137. Mnamo Desemba 1956 timu ilimwuza kwa New York Giants, lakini alikuwa amekwisha kuamua kustaafu. Mwaka 1962 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la besiboli, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo.

Biashara na haki za raia

Baada ya kustaafu Robinson aliajiriwa na Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa na migahawa ya New York ambayo wafanyakazi wake wengi walikuwa weusi. Akiwa makamu wa rais alisimamia masuala ya wafanyakazi hadi mwaka 1964. Mwaka huo alishiriki kuanzisha benki ya Freedom National katika mtaa wa Harlem, na mwaka 1970 alianzisha kampuni ya kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini.

Alikusanya fedha kwa ajili ya chama cha NAACP, aliandika makala magazetini na kuandamana pamoja na Martin Luther King. Katika siasa alikosolewa na pande zote. Mwaka 1949 alikubali kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge dhidi ya kauli za mwimbaji Paul Robeson, na mwishoni mwa maisha yake aliandika kwamba heshima yake kwa Robeson ilikuwa imeongezeka. Mwaka 1960 alimwunga mkono Richard Nixon dhidi ya John F. Kennedy, kisha akajitenga naye.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki

Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alitembelea Marekani kutafuta nafasi za masomo. Wakati huo Afrika Mashariki ya kikoloni ilikuwa na nafasi chache sana za elimu ya juu. Vyuo vya Marekani vilitoa ufadhili, lakini wanafunzi hawakuwa na nauli. Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango, na fedha zilizopatikana zilitosha kukodi ndege. Tarehe 9 Septemba 1959 wanafunzi 81 walitua New York.

Mwaka uliofuata wanafunzi walikuwa wengi zaidi na fedha hazikutosha. Robinson alimwomba Nixon, aliyekuwa makamu wa rais, aishawishi serikali isaidie. Kabla serikali haijakubali, familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kupitia mfuko wake. Wengi wa wanafunzi walitoka Kenya. Wengine walitoka Tanganyika, Zanzibar, Uganda, na Nyasaland ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Hadi mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 walikuwa wamesafiri. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwemo Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Siku ya mwisho uwanjani

Robinson aliugua kisukari na ugonjwa wa moyo, na macho yake yaliharibika mapema. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa amejeruhiwa na kuingia katika dawa za kulevya. Alipona na kuanza kuwasaidia wengine, lakini alikufa katika ajali ya gari mnamo Juni 1971, akiwa na umri wa miaka 24.

Kwa miaka mingi Robinson alikaa mbali na shughuli za besiboli. Wachezaji weusi walikuwa wengi uwanjani, lakini hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imempa mtu mweusi kazi ya kocha mkuu. Tarehe 15 Oktoba 1972 alikubali mwaliko wa kuhudhuria mechi ya pili ya fainali ya taifa mjini Cincinnati, kuadhimisha miaka 25 tangu alipoanza. Alikuwa na umri wa miaka 53, nywele zake zimekuwa nyeupe na karibu haoni. Alirusha mpira wa kufungua mechi na kupokea zawadi. Alishukuru, kisha, mbele ya umati na kamera za televisheni, akasema kwamba angefurahi zaidi siku atakapoona uso mweusi katika nafasi ya kocha mkuu.

Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba 1972, alifariki kwa mshtuko wa moyo nyumbani kwake Stamford, Connecticut. Alizikwa katika makaburi ya Cypress Hills, Brooklyn. Ebbets Field ilikuwa imebomolewa mwaka 1960, baada ya Dodgers kuhamia Los Angeles. Tawasifu yake, iliyotoka siku hizohizo, inasema wazi kwamba hakuweza tena kusimama na kuuimba wimbo wa taifa kwa moyo mmoja. Kocha mkuu wa kwanza mweusi wa ligi kuu, Frank Robinson, ambaye hakuwa ndugu yake, alianza kazi Cleveland mwaka 1975.

Familia

Jackie na Rachel walipata watoto watatu: Jackie mdogo, Sharon na David. Rachel alifundisha uuguzi katika Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1973 alianzisha mfuko wa Jackie Robinson unaowalipia wanafunzi masomo ya chuo kikuu.

David alihamia Tanzania katika miaka ya 1980 na kufungua shamba la kahawa wilayani Mbozi, wakati huo katika mkoa wa Mbeya na sasa Songwe. Mbozi, kama Mbinga katika mkoa wa Ruvuma, ni kati ya wilaya za kusini zinazojulikana kwa kahawa ya arabika. Pamoja na wakulima wa huko alianzisha Sweet Unity Farms, inayouza kahawa yao moja kwa moja Marekani.

Kumbukumbu

Tarehe 15 Aprili 1997, miaka 50 tangu mechi ya Ebbets Field, namba 42 aliyoivaa Robinson iliondolewa katika timu zote za ligi kuu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa heshima hiyo kutolewa katika ligi nzima. Mchezaji wa mwisho kuivaa msimu mzima, Mariano Rivera wa Yankees, alistaafu mwaka 2013. Tangu mwaka 2004 tarehe 15 Aprili ni Siku ya Jackie Robinson, na tangu 2009 wachezaji, makocha na waamuzi wote huvaa namba 42 siku hiyo. Mwaka 1984 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru baada ya kifo. Filamu kuhusu mwaka wake wa kwanza, iitwayo 42, ilitolewa mwaka 2013, na makumbusho yake yalifunguliwa New York mwaka 2022.